Ukumbi Mdogo wa Hofu: Grand-Guignol ya Paris, 1897–1962

Tunapozungumza juu ya historia ya sanaa za maonyesho, aghalabu tunayataja majumba makubwa ya mataifa na waandishi ambao majina yao yamo katika mihtasari ya shule. Katika makala haya tunakusudia kuueleza ukumbi mdogo sana, uliokuwa mwisho wa kichochoro kisichopenya katika mji wa Paris, ambao kwa miaka sitini na mitano uliishi kwa kazi moja: kuwatisha watu waliolipa kiingilio ili watishwe. Ukumbi huo uliitwa Grand-Guignol. Wasomaji wetu waliosoma Kifaransa huenda wamekwisha kulikuta jina hilo, maana hata leo Wafaransa hulitumia kwa jambo lolote lenye damu na vitisho kupita kiasi.

Kilichotusukuma kuandika si mapenzi ya mambo ya Paris, bali ni kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, katika sherehe za kufunga mwaka wa shule, wanafunzi wetu waliigiza mchezo tuliowatungia, juu ya zimwi lililoingia kijijini usiku. Tulitaka uwe kama wa kweli. Tulichanganya rangi nyekundu na uji mwepesi wa unga wa muhogo, tukautia katika maputo na kuyaficha chini ya nguo za waigizaji. Zimwi lilipoinua panga, uji ukaruka hadi safu ya mbele. Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi, alisimama, akajifunika kitenge usoni, akatoka. Wazazi wengine wakamfuata. Anayejua vita vilivyoanza nchini Burundi mwaka 1993 hana haja ya kuelezwa zaidi. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nasi tuliwatikisia watu ung'ongo huo, tukauita sanaa.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: je, jukwaa lina haki ya kutisha? Na kama linayo, mpaka wake u wapi? Tumeitafuta historia ya wale walioifanya hofu kuwa kazi yao ya kila usiku, ili tuone walifika wapi.

Chanzo cha ukumbi

Mwanzilishi wake alikuwa Oscar Méténier, mwandishi wa riwaya na michezo, ambaye kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi katika ofisi ya kamishna wa polisi mjini Paris. Huko aliwafahamu wezi, makahaba na mafukara wa vichochoroni, akaisikia lugha yao kama walivyoisema wenyewe. Alikuwa pia miongoni mwa waandishi walioandikia Théâtre Libre, ukumbi ulioanzishwa na André Antoine mwaka 1887 kwa nia ya kuonyesha maisha kama yalivyo, bila kuyapamba.

Mwaka 1897 Méténier alifungua ukumbi wake mwenyewe katika kichochoro cha Chaptal, karibu na Pigalle. Jengo hilo lilikuwa kikanisa hapo awali, kisha likawa karakana ya mchoraji Georges Rochegrosse. Mapambo ya kikanisa hayakuondolewa. Malaika wawili wakubwa wa kuchongwa walibaki juu wakiwatazama watu, na vyumba vidogo vya watazamaji wa heshima vilifanana na vibanda vya kuungamia dhambi. Viti havikufika 300, na jukwaa lilikuwa na upana wa mita kama saba tu. Aliyeketi mbele alikaribia kuwagusa waigizaji, na aliweza kuziona jasho na pumzi zao.

Jina la ukumbi lataka maelezo kidogo. Guignol ni kikaragosi kilichobuniwa na Laurent Mourguet katika mji wa Lyon mnamo mwaka 1808: mtu wa kawaida, mcheshi, asiyeogopa kuwasema wakubwa. Kwa kuliongeza neno "Grand", yaani kubwa, ilimaanishwa kwamba hapa palikuwa na Guignol wa watu wazima. Yafaa ikumbukwe basi kwamba jina lenyewe halikuwa na damu ndani yake; lilikuwa na utundu na ukweli. Damu ilikuja baadaye.

Kicheko na hofu kwa zamu

Baada ya mwaka mmoja Méténier aliuacha ukumbi mikononi mwa Max Maurey, aliyeuongoza tangu 1898 hadi 1914. Maurey hakuwa mwandishi mashuhuri, lakini alielewa vema moyo wa mtazamaji. Ndiye aliyeigeuza nyumba ya maisha ya mafukara ikawa nyumba ya hofu. Kwa usiku mmoja alipanga michezo mifupi mitano au sita, ya kutisha na ya kuchekesha, ikifuatana kwa zamu. Wafaransa walilifananisha jambo hilo na kuoga maji ya moto, mara ya baridi, mara ya moto tena.

Sisi tunaofundisha fasihi twaweza kuieleza hekima ya mpango huu kwa urahisi. Mtu anayetishwa mfululizo hukaza mwili wake, akajenga ukuta, na baada ya nusu saa hakuna kinachompata. Lakini aliyekwisha kucheka ameufungua mlango mwenyewe. Hofu inapofika inamkuta hana kinga. Bibi zetu walilijua jambo hili walipotusimulia hadithi usiku. Kati ya zimwi na zimwi walimtia sungura na hila zake, tukacheka, tukasogea karibu zaidi na moto, na hapo ndipo zimwi liliporudi.

Maurey alijua pia kujitangaza. Alimwajiri daktari wa kukaa ukumbini kuwahudumia waliozirai, na idadi ya waliozirai ikawa ndiyo kipimo cha ubora wa mchezo. Husimuliwa kwamba usiku mmoja bwana mmoja aliita daktari kwa ajili ya mkewe, akaambiwa kwamba daktari naye amezirai. Huenda kisa hicho ni cha kubuniwa. Hata hivyo chatuonyesha namna ukumbi ulivyopenda kujulikana.

Mkutubi na mwanasaikolojia

Mtu aliyeupa ukumbi huu maandishi yake makuu ni André de Lorde, aliyezaliwa mwaka 1869 na kufariki 1942. Mchana alikuwa mkutubi katika maktaba ya Arsenal mjini Paris, akikaa kimya kati ya vitabu vya kale. Usiku alikuwa mtunzi ambaye watu walimpa lakabu ya Mwanamfalme wa Hofu. Aliandika michezo zaidi ya mia moja. Baba yake alikuwa daktari, naye mtoto alikua akisikia nyuma ya mlango sauti za wagonjwa asiowaona. Tunaomba msomaji aukumbuke mlango huo, maana tutaurudia.

Miongoni mwa michezo yake ya awali ni ule uitwao "Au téléphone", alioutunga pamoja na Charles Foley, na ambao ulionyeshwa kwanza kwa Antoine mwaka 1901. Mwanamume yuko safarini, mbali na nyumbani. Mkewe anampigia simu usiku: kuna watu wanaizunguka nyumba. Mume anasikia kila kitu hadi mwisho. Watazamaji hawawaoni wauaji, hawaoni silaha, hawaoni tone la damu. Wanamwona mtu mmoja tu, ameshika simu sikioni, asiyeweza kufanya lolote. Simu wakati huo ilikuwa bado kitu kigeni kwa watu wengi, na de Lorde alitambua mapema kwamba chombo kiletacho sauti ya umpendaye kinaweza pia kukuonyesha jinsi ulivyo mbali naye.

Mchezo wa pili ambao yafaa tuutaje ni "Le Système du docteur Goudron et du professeur Plume" wa mwaka 1903, uliotokana na hadithi ya Mmarekani Edgar Allan Poe. Waandishi wawili wa habari wanaitembelea hospitali ya wagonjwa wa akili. Mkurugenzi anawapokea kwa adabu, anawaeleza mbinu zake mpya za tiba. Nje kuna dhoruba. Ndani zinasikika kelele. Polepole wageni wanaanza kuona kwamba maneno ya mwenyeji wao yamepinda kidogo. Kumbe wagonjwa wameitwaa hospitali, na anayewahutubia ni mmoja wao. Nguvu ya mchezo huu imo katika muda ule mrefu wa shaka, kabla ya jambo lolote kutendeka.

Katika kazi yake de Lorde alishirikiana na Alfred Binet. Sisi walimu tunalijua jina hilo kwa njia nyingine: ni mwanasaikolojia yule ambaye mwaka 1905, pamoja na Théodore Simon, alitoa kipimo cha akili za watoto. Mtu mmoja alipima akili za watoto shuleni, na akasaidia kuandika michezo ya wazimu na majaribio ya kitabibu kwa ajili ya Grand-Guignol. Binet alifariki mwaka 1911, lakini jina lake liliendelea kuonekana katika matangazo ya michezo hiyo.

Hapa hatuna budi kusema jambo lililo zito kwetu. Katika michezo mingi ya ukumbi huu, zimwi alikuwa mgonjwa. Watu walioteseka kwa maradhi ya akili walipandishwa jukwaani ili watu wenye afya wawaogope. Mara nyingine zimwi alikuwa mgeni wa nchi za mbali, kama Wachina katika mchezo wa mwaka 1904 uliohusu vita vya Beijing. Ukanda wetu unajua neno linavyoweza kufanya kazi likimgeuza jirani kuwa kitu cha kutisha. Nchini Rwanda, mwaka 1994, watu waliitwa mende redioni kabla na wakati wa kuuawa. Kila anayetunga mchezo wa kutisha anachagua nani awe zimwi, na uchaguzi huo si wa mchezo.

Damu inaongezeka

Kwa muda mrefu Grand-Guignol ilikuwa na njia mbili zilizokwenda sambamba: njia ya kusikia na kungoja, na njia ya kuonyesha. Maurice Level alizikutanisha mwaka 1912 katika mchezo wake "Le Baiser dans la nuit". Mwanamume ameharibiwa uso na macho kwa tindikali aliyomwagiwa na mpenzi wake wa zamani. Anakataa kumshtaki. Anamwalika nyumbani, anazungumza naye kwa upole, na ni upole huo unaowatisha watazamaji, kwa kuwa wanakisia kilicho mfukoni mwake. Mwishowe tindikali inamwagwa tena, safari hii kwa mikono ya kipofu.

Camille Choisy alipochukua uongozi mwaka 1914, njia ya kuonyesha ilianza kuishinda ile nyingine. Msimamizi wa jukwaa, Paul Ratineau, alikuwa fundi wa visu vya uongo, majeraha na sauti. Damu yao ilitengenezwa kwa rangi ya karmini na gliserini. Ikipashwa moto ilitiririka, na ikipoa iliganda kama damu ya kweli. Mwaka 1917 alijiunga mwigizaji Paula Maxa, ambaye kazi yake ilikuwa kufa. Ilihesabiwa kwamba aliuawa jukwaani mara zaidi ya 10,000, kwa njia nyingi zisizofanana. Hesabu hiyo ilitolewa kwa ajili ya kuvutia watu, lakini yenyewe inaonyesha mabadiliko yaliyokuwa yakitokea: mtazamaji hakuulizwa tena alihisi nini, aliulizwa ameona vifo vingapi.

Mwaka 1920 mfano huo ulivuka bahari hadi London, ambako José Levy aliuanzisha katika Little Theatre, pamoja na waigizaji mashuhuri Sybil Thorndike na mumewe Lewis Casson. Huko kila mchezo ulipaswa kupata kibali cha serikali kabla ya kuonyeshwa, na mingine ilinyimwa. Kazi hiyo ilikoma mwaka 1922. Paris iliendelea. Choisy aliondoka mwaka 1930, akafuatiwa na Jack Jouvin, kisha na wengine, na kila mmoja alilazimika kutafuta namna ya kumshtua mtazamaji aliyekwisha kuzoea.

Vita na mwisho

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1945 dunia ikaziona picha za kambi za Wanazi. Katika kambi moja tu, ya Buchenwald, walikufa watu zaidi ya 50,000. Ukumbi wa Chaptal uliendelea kufunguliwa baada ya vita, lakini haukupata tena nguvu yake. Charles Nonon, mkurugenzi wa mwisho, alieleza sababu alipoufunga mwaka 1962: hawakuweza kushindana na Buchenwald. Kabla ya vita, alisema, watu waliamini kwamba waliyoyaona jukwaani hayawezekani. Baada ya vita walijua kwamba hayo, na mabaya zaidi, yanawezekana.

Sababu nyingine zilikuwapo. Sinema iliweza kuonyesha majeraha kwa karibu kuliko jukwaa lolote. Hata hivyo tunaliona jibu la Nonon kuwa na ukweli mkubwa, ingawa halijakamilika. Ukumbi uliokuwa umechagua kushindana na ukweli kwa wingi wa damu ulikuwa lazima ushindwe siku ukweli utakapokuja na damu yake. Lakini mtu yule wa mwaka 1901, aliyeshika simu sikioni, hakushindana na kitu. Buchenwald haikumshinda. Kinyume chake, aliyepoteza nduguye vitani bila kuwapo alimwelewa mtu yule vizuri zaidi.

Funzo kwetu

Turudi sasa katika shule yetu. Baada ya sherehe ile tulimwendea mama yule nyumbani kwake kumwomba radhi. Tulimwambia kwamba hatukukusudia kumtisha. Alitusikiliza, kisha akasema: "Walimu, mimi sikuogopa. Ile rangi niliijua ni rangi. Nilitoka kwa sababu watoto walikuwa wanacheka."

Tulikumbuka basi kwamba ni kweli. Damu ilipotuzunguka, ukumbi wetu ulicheka. Wanafunzi wetu wengi walizaliwa baada ya vita. Kwao panga na damu vilikuwa kichekesho cha sinema. Maurey aliweka kicheko kabla ya hofu na baada yake, kila kimoja mahali pake. Sisi tulivichanganya vikawa kitu kimoja, na mtu aliyejua maana ya panga akabaki peke yake katikati ya wanaocheka.

Mwaka uliofuata tuliutunga mchezo ule upya. Zimwi halikuonekana kabisa. Jukwaani palikuwa na mkeka, taa ya mafuta, na mtoto wa kike anayewaita ndugu zake waliojificha gizani, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza anaitika nyuma ya pazia, wa pili anaitika, wa tatu haitiki. Ndio ule mlango wa mtoto de Lorde: sauti bila sura. Kabla ya kuuonyesha tulimsomea mama yule maandishi. Alinyamaza kwa muda, kisha akaomba jambo moja tu, kwamba mwishoni yule wa tatu aitike. Tulibishana sisi kwa sisi, maana mwenzetu mmoja aliona kwamba kuitika huko kungeudhoofisha mchezo. Mwishowe tulikubali. Siku ya maonyesho mtoto aliliita jina lile mara nne, na katika mara ile ya nne sauti ikatoka, si nyuma ya pazia, bali mwisho wa ukumbi, nyuma ya watazamaji. Watu wote waligeuka. Hakuna aliyecheka.

Hivyo basi, kwa swali letu la awali, tunaona kwamba jukwaa lina haki ya kutisha. Hata waliopita katika hofu ya kweli wanayo haja ya kuiona imewekwa mahali ambapo inaweza kutazamwa na wengi kwa pamoja. Lakini atungaye na ajue anamtisha nani, amemfanya nani kuwa zimwi, na waliokwisha kuumwa watakuwa wameketi wapi.

Yale majengo ya Chaptal bado yapo. Tangu mwaka 2007 ndani yake kuna International Visual Theatre, kundi la sanaa la viziwi lililoanzishwa mwaka 1976, ambalo huonyesha michezo kwa lugha ya ishara na pia kuifundisha lugha hiyo. Nyumba iliyojaa mayowe kwa miaka sitini na mitano imekuwa shule ya lugha inayosemwa kwa mikono. Sisi walimu wa lugha tunalifurahia jambo hilo, na tunawaomba wenzetu wanaoongoza michezo ya shule, popote walipo, watuandikie katika kurasa hizi: mazimwi yao hutokea wapi, na watazamaji wao hufanya nini yanapotokea.